Alama Isiyotangazwa

Katika redio ndogo ya Mbulu ninakofanya kazi, ng'ombe aliyeokotwa hatangazwi alama zake zote. Unataja rangi, unataja pembe, unataja sikio lililopasuka, kisha moja unaiacha. Hiyo moja anabaki nayo aliyemwokota. Anayekuja kudai ng'ombe ndiye aitaje mwenyewe, na akishindwa anapewa maji ya kunywa na kurudi kwao. Sheria hii nilipewa siku yangu ya kwanza kazini na mama aliyekuwa akisoma matangazo hapo tangu mimi sijazaliwa. Alinipa kabla hata hajanionyesha choo kilipo.

"Ukitaja zote," aliniambia, "umemtangazia mwizi."

Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya mawasiliano ya umma, na darasani hakuna aliyewahi kututajia ng'ombe. Siku nzima nikawa naigeuza ile sheria kichwani. Je, aliyeokota akiwa ndiye mwizi? Je, mwenye mali akisahau alama ya ng'ombe wake? Ndivyo nilivyo. Mtu akiniitikia salamu kwa sauti ya chini asubuhi, jioni bado natafuta nilichomkosea. Mama wa matangazo alinitazama nikihangaika, akasema, "Wewe binti, utazeeka kabla ya mimi."

Nyumbani kwetu ni upande wa Hanang, kata iliyo juu kidogo ya Gendabi. Nilipokuwa mdogo, saa saba mchana mama aliweka redio dirishani, betri zake zikiwa zimetoka kuanikwa juani, na majirani wakasogea. Wakulima walisimamisha majembe. Wafugaji waliokuwa wakipita na mifugo waliegemea fimbo zao nje ya uzio. Wote walisikia pamoja nani amefariki, mkutano ni lini, ng'ombe wa nani hajaonekana. Hakuna aliyejua kabla ya mwenzake. Siku hizi mtu anajua msiba wa nyumba ya pili kwa kuona mshumaa kwenye stetasi ya mtu aliye Arusha, na wenyewe wafiwa wakiwa bado wako njiani kutoka hospitali ya Haydom, hawajamwambia bibi.

Aliyeleta mambo hayo kwetu kwa fujo ni kijana niliyesoma naye sekondari, dawati moja, aliyekuwa akiniazima rula na kuirudisha imevunjika. Hakwenda chuo. Alinunua simu nzuri, akafungua ukurasa wa habari za wilaya zetu mbili, na makundi ya simu yaliyojaa watu hadi mengine yakazaa mengine. Sikumchukia kwa hilo. Nilimchukia alipoanza kukaa na redio yake pembeni saa saba, akitunakili tukisoma, kisha kuandika kwa herufi kubwa kwamba yeye ndiye wa kwanza kutujuza. Wenye maduka walisikia vizuri. Tangazo la mbolea likahamia kwake, likafuata la mabati, na siku ya posho mkuu wetu wa kituo akawa anatuhutubia badala ya kutulipa.

Halafu ikaja klipu.

Nilikuwa hewani peke yangu kwa mara ya kwanza, kipindi cha wasikilizaji kupiga simu. Moyo ulikuwa ukinidunda hadi niliogopa kipaza sauti kitausikia. Simu ikaingia. Sauti ya mzee, nzito, ya taratibu: "Haloo, nasikika huko?"

Nilijua cha kusema. Mtoto wa miaka mitatu kwetu anajua. Kinywa changu kikasema, "Marahaba!"

Kisha yule mzee, bila hasira, kama anayeuliza njia, akasema, "Binti, nani amekuamkia?"

Kufikia jioni, kijana wa dawati moja alikuwa ameikata sehemu hiyo, ameweka mlio wa punda mwishoni, ameisambaza. Mbulu ni mji mdogo. Nilipokwenda sokoni kununua viazi, muuza viazi aliniitikia kabla sijasema neno: "Marahaba, mwanangu!" na wenzake wakashika mbavu. Dereva wa boda boda alinipita na kupaza, "Nani amekuamkia?" Mama alinipigia kutoka kijijini. Yeye ana simu ya vitufe, kiswaswadu, haoni klipu, alisimuliwa kisimani.

"Wamesema umemdharau mzee wa watu."

"Mama, niliteleza."

"Najua. Lakini mimi nimesimama pale na ndoo, nitawaambia nini?"

Hilo la ndoo ndilo lililoniingia. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikajitoa kwenye makundi yake yote, moja baada ya jingine. Nilidhani nimejiponya.

Mwezi haukupita, ng'ombe wa mama akapotea. Mama ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa, jike jekundu lenye paji jeupe na pembe moja iliyoinamia jicho, kana kwamba linasikiliza jambo. Maziwa yake ndiyo yaliyonivisha sare ya shule. Alikata kamba malishoni, akashuka kuelekea tambarare. Mama alimtafuta siku mbili kwa miguu kabla ya kunipigia, kwa sababu aliona aibu kunisumbua kazini. Nilimtangaza saa saba ile ile, kwa sauti isiyotetemeka, na alama moja nikaiacha.

Jioni akanipigia mzee mfugaji wa Gendabi, mtu asiyenijua. Nilimwamkia kabla hajamaliza kupumua. Akasema, "Binti, huyo ng'ombe alikuwa kwangu. Mwenyewe ameshamchukua jana."

"Mwenyewe ni mama yangu, babu."

Kisha akaeleza. Ng'ombe aliingia bomani mwake jioni akiwa amechanganyika na mifugo yake. Akasema moyoni, nitakwenda kwa mtendaji wa kijiji asubuhi, mtendaji aandike barua, barua iende redioni. Lakini mkaza mwana wake, kwa wema wake, alikwisha kupiga picha na kuituma kwenye ule ukurasa. Ikawekwa saa hiyo hiyo. Mzee hakuambiwa. Asubuhi, kabla hajatoka, akaja mtu na pikipiki, amevaa vizuri, ameshika fimbo, ana adabu. Mzee akamuuliza kama tunavyouliza siku zote.

"Alitaja zote," mzee akasema. "Alitaja mpaka ile niliyoificha. Kovu la mguu wa nyuma, alilitaja. Ningemnyimaje? Nilimpa na kibuyu cha maziwa anywe."

Picha ilikuwa imekaa kwenye ukurasa usiku kucha. Watu wote wa wilaya mbili waliiona isipokuwa watu watatu: mama kwa sababu ya simu yake, mzee kwa sababu hasomi, na mimi kwa sababu nilijitoa kwenye makundi kukimbia sauti ya punda. Niliifikiri hesabu hiyo kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka nyuma kwenda mbele, na kila mara ilimwangukia mtu mmoja. Nikampigia.

"Ulimweka ng'ombe wa mama yangu ukurasani, na mwizi amemchukua."

"Pole sana. Lakini mimi nasaidia jamii bure, dada. Redio yenu ingemtangaza lini? Wiki ijayo?"

"Ulipiga simu kuuliza ni wa nani? Ulimwuliza mtendaji?"

"Watu wanataka habari ikiwa moto. Barua za mihuri ni mambo ya bibi zetu." Nikasikia wenzake wakicheka nyuma yake. Akamalizia, "Haya, marahaba mtangazaji," akakata.

Kwa kawaida nafikiri mambo mengi kwa wakati mmoja na silimalizi hata moja. Siku ile nilifikiri jambo moja tu, nikalimaliza. Nilitaka ng'ombe wa mama arudi, na nilitaka huyu kijana aone aibu mbele ya watu wale wale walionicheka. Sikujua ni lipi lilikuwa la kwanza. Nadhani la pili.

Jumamosi nikapanda basi hadi Katesh, kisha boda boda hadi kwa yule mzee. Nilidhani nitamkuta mtu wa kubembelezwa. Nilimkuta na hasira kuliko mimi. Tangu ile siku, alisema, majirani walikuwa wakimtania: ukitaka ng'ombe wa bure, nenda kwa mzee yule, anakupa na maziwa. Mkaza mwana wake alikuwa hamtazami usoni.

"Mimi nimeokota ng'ombe wa watu tangu ujana," akasema. "Sijawahi kumpa asiye wake. Unataka nini, binti?"

Nikamwambia. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akacheka kwa mara ya kwanza, akaniuliza kama nimeolewa, kwa sababu mwanamke mwenye kisasi cha namna hiyo hafai kuachwa zizini peke yake.

Mpango ulikuwa rahisi. Kijana wa ukurasa hapigi simu kuhakikisha jambo. Hiyo ndiyo silaha yote niliyokuwa nayo. Mdogo wake yule mzee ana boma upande wa pili wa Gendabi. Mkaza mwana akaenda huko na simu ya jirani, akampiga picha ng'ombe mmoja wao, jike jekundu. Ng'ombe yule ana alama ya chuma cha moto ubavu wa kushoto. Picha ikapigwa ubavu wa kulia, alama isionekane. Akaandika: ng'ombe huyu ameingia kwetu Gendabi, mwenyewe aje. Nilikaa na swali la kama huo ni uongo, tena wa mtu wa redio, hadi chai ikapoa mkononi. Nikajijibu kwamba redio haikusema kitu. Mtendaji wa kijiji, mama mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Kagera na aliyechoshwa na kesi za mifugo, alitaarifiwa. Alisema, "Mimi nitakuwepo, nitakuwa nimekuja kuonja maziwa tu."

Picha haikuchukua muda. Iliwekwa ikiwa na jina la ukurasa limepigwa katikati ya tumbo la ng'ombe, na maneno ya kwamba wao ndio wa kwanza.

Aliyekuja kwanza hakuwa mwizi. Alikuwa mzee wa mbali, kutoka njia ya Haydom, amepanda mabasi, viatu vyake vimejaa vumbi hadi kwenye soksi. Alikuwa amepoteza jike jekundu kweli. Alizunguka ng'ombe wetu taratibu, akamshika pembe, akatazama miguu, akasema neno moja: "Siye." Akaomba maji. Mimi niliyejisifu kwamba nawaza kila kitu, huyo sikuwa nimemuwaza. Nilitoka nje ya uzio nikasimama kule hadi akaondoka. Kisha nikambebesha kijana wa ukurasa deni hilo pia. Kama asingekuwa amezoea kutangaza chochote anachotumiwa, nisingepata pa kumtegea. Najua hoja hiyo ina tundu. Niliipenda hivyo hivyo.

Mchana akaja wa pikipiki. Amevaa vizuri, fimbo mkononi, ana adabu. Alimwamkia mwenye boma, akaulizia hali ya malisho, akakaa pale alipoonyeshwa. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba na kinasa sauti cha redio mapajani, mtendaji kando yangu, na yule mzee wangu nyuma yetu akipumua kwa pua.

"Taja alama," mwenye boma akasema.

"Jekundu. Pembe fupi. Sikio la kulia lina pengo. Mkia umechanganya weupe. Na goti la mbele kulia lina kovu."

"Vizuri sana. Na ubavu wa kushoto?"

"Wa kushoto?"

"Ng'ombe wako ana ubavu mmoja?"

"Wa kushoto ni... mwekundu vile vile."

"Mwekundu tu?"

"Labda na doa. Mzee, ng'ombe ana muda hajarudi, si unajua wanabadilika."

Mwenye boma akawageukia vijana wake. "Mmesikia? Ng'ombe akitembea siku kadhaa anabadilika ubavu."

Hapo mzee wangu hakuweza kungoja tena. Alitoka mlangoni na kusimama mbele yake. "Maziwa yangu yalikuwa matamu?" akamuuliza.

Yule mtu aliangalia pikipiki yake. Kijana mmoja alikuwa ameshaikalia, anafuta kioo chake kwa kiwiko. Hakupigwa. Mtendaji alikuwa amesema mapema kwamba atakayenyanyua fimbo atakwenda naye polisi Katesh yeye kwanza. Aliulizwa mbele ya watu, nami nikaweka kinasa sauti mbele yake, nikamwambia ni cha redio. Nadhani alitaka kujitetea kwa wilaya nzima, kwa sababu alisema bila kulazimishwa.

"Mimi kosa langu nini? Picha ziko hadharani. Nafungua ule ukurasa asubuhi, naona ng'ombe, naona alama, naona na namba ya kupiga. Wao ndio wamenionyesha. Waulizeni wao." Akautaja ukurasa kwa jina.

Ng'ombe wa mama alikuwa ameuzwa mnadani na kupakiwa kwenye lori la kwenda asikojua. Mambo ya yule mwizi na polisi yalikwenda njia yake. Wazee wa ukoo wake walikuja kwa mama baadaye na mtamba mmoja wa ng'ombe, wakaomba apokelewe. Mama alimpokea. Ni mtamba mzuri. Mama humwita "yule wa watu".

Lakini mimi nilikuwa na ile sauti kwenye kinasa. Mama wa matangazo aliisikiliza yote akiwa amevaa sweta na kofia, maana Mbulu kulikuwa na baridi, akasema, "Kata jina la ule ukurasa. Hatumtaji mtu."

"Ndilo ninalotaka watu walisikie."

"Kata," akasema. "Moja unaiacha."

Nikakata. Mahali palipokuwa na jina nikaweka mlio wa kengele ya ng'ombe niliyoirekodi kule kule Gendabi. Naona aliyeweka punda hakosi kuelewa kengele. Saa saba mchana tukairusha hewani: wao ndio wamenionyesha, waulizeni, kisha ngiring'i, ngiring'i. Hatukusema ni nani. Hatukuhitaji. Kila aliyesikia alilijaza jina lenyewe kwa mdomo wake, na jina unalolijaza mwenyewe hulisahau kwa shida.

Kufikia jioni kengele ilikuwa imeingia kwenye makundi ya kijana mwenyewe. Huko sikuwa, lakini niliambiwa na kila niliyekutana naye. Watoto wa shule wakimwona barabarani walipiga kengele za baiskeli. Mwenye duka la mabati alimtumia kengele tupu, bila neno. Muuza viazi aliyenicheka aliniongezea viazi viwili, akasema, "Na yeye leo nani amemuamkia?" Nilivichukua. Sikumsamehe yeye pia.

Kijana alikuja kituoni siku ya tatu, amevaa kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Mama wa matangazo alimwachia kiti, akatoka kwenda kuota jua, makusudi.

"Toeni ile kengele," akasema. "Mama yangu anashindwa kwenda kanisani."

"Mama yangu alisimama kisimani na ndoo."

"Ule ulikuwa utani."

"Kengele pia."

"Nimefuta yako, tazama." Akanionyesha simu. "Nimeifuta kabisa."

"Imefutika kwa muuza viazi?"

Akairudisha simu mfukoni. Alikuwa na uso ule ule wa sekondari, wa kuleta rula iliyovunjika. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo na nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikagundua siyahitaji. Nikamwambia sharti. Kila siku, saa saba, ataweka ukurasani tangazo la ng'ombe wa mama, kwa maneno yetu, bila picha. Na akitumiwa picha ya jike jekundu kutoka popote, haiweki. Ananiletea mimi kwanza.

"Mpaka lini?"

"Mpaka arudi."

"Si wanasema ameshauzwa?"

"Nimesikia."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu wa kazi kabisa, "Basi niambie ile alama iliyoachwa, ili nisikusumbue bure."

"Wewe?" nikamwambia. "Kamlete ng'ombe, nitakuambia."

Amekuwa akilitekeleza tangu siku hiyo. Anakuja na simu yake, wakati mwingine mvua inanyesha, anasimama mlangoni mwa studio na kuniamkia vizuri, ingawa ni rika langu. Simwitikii upesi. Naichukua simu, naikuza picha, naangalia pembe, naangalia paji, halafu naangalia pale ambapo yeye hajui kwamba ndipo ninapoangalia. Mama aliniuliza juzi, "Mwanangu, mtoto wa watu utamchosha mpaka lini?" Nikamwambia ninamtafuta ng'ombe wake. Akatikisa kichwa, akaenda kumkatia majani yule wa watu.

Jana alikuja na picha nyingine, ya mnada wa mbali, jike jekundu katikati ya mengine, pembe imeinama. Moyo ulinipiga kidogo. Nikaikuza, nikaitazama kwa muda kuliko ilivyohitajika, yeye amesimama pale maji yakimchuruzika kutoka kwenye kofia, bila kuthubutu kuuliza. Nilishaona mapema. Nikamwacha asimame kidogo zaidi.

"Siye," nikamwambia, nikamrudishia simu.